Msako wa Miezi ya Sayari za Mbali

Mwezi wa nje ni gimba la angani linaloizunguka sayari ambayo nayo inaizunguka nyota nyingine, si Jua letu. Mnamo Septemba 2025 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba sayari za nje zilizothibitishwa zimefika 6,000. Miezi ya nje iliyothibitishwa, kwa upande wake, haijafika hata mmoja. Sababu ni mbili: alama ambayo mwezi huiacha katika mwanga wa nyota ni ndogo mno, na masharti ambayo wanaastronomia wamejiwekea kabla ya kutamka kwamba mwezi umepatikana ni makali. Msako wenyewe umekwisha kupita robo karne. Katika muda huo umezaa hesabu mpya, vipimo vipya na mabishano ya kisayansi ambayo yamewafundisha watafiti kulikagua kila dai, hata lao wenyewe.

Miezi ya mfumo wa Jua

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 17 mwezi uliojulikana ulikuwa mmoja tu, ule unaoizunguka Dunia. Usiku wa tarehe 7 Januari 1610, mjini Padua nchini Italia, Galileo Galilei alielekeza darubini yake kwenye sayari ya Mshtarii akaona vinyota vitatu vimejipanga mstari mmoja kando yake. Usiku uliofuata vilikuwa vimebadili nafasi. Kufikia tarehe 13 alikuwa amehesabu vinne, na nyendo zake zikamthibitishia kwamba vinaizunguka Mshtarii. Ndiyo miezi inayoitwa leo Io, Europa, Ganymede na Callisto. Mwaka 1655 Christiaan Huygens wa Uholanzi aliuona Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, na tangu hapo orodha imeendelea kukua hadi kupita miezi 400. Zohali pekee ilikuwa na miezi 274 iliyotambuliwa kufikia Machi 2025.

Mambo matatu yaliyojulikana kutokana na miezi hiyo ya jirani yamewaongoza wanaotafuta ya mbali. La kwanza ni ukubwa. Ganymede ina kipenyo cha kilomita 5,268, na hivyo inaizidi sayari nzima ya Utaridi, yenye kilomita 4,879. Mwezi basi unaweza kuwa dunia kamili, wenye milima, barafu, hata volkano na angahewa.

La pili ni masi. Masi ya miezi yote ya Mshtarii ikijumlishwa ni kama sehemu moja kwa 10,000 ya masi ya sayari yenyewe, na uwiano wa karibu na huo unajirudia kwa Zohali na Uranusi. Mwaka 2006 Robin Canup na William Ward, watafiti wa Marekani, walionyesha kwa hesabu sababu ya jambo hilo. Miezi ya sayari hizo hujijenga ndani ya diski ya gesi na vumbi inayoizunguka sayari changa. Mwezi unaokua kupita kiasi hupunguzwa mwendo na gesi hiyo, ukaporomoka hadi kumezwa na sayari. Mwezi wa Dunia haufuati kanuni hiyo: masi yake ni sehemu moja kwa 81 ya masi ya Dunia, kwa kuwa inaaminika ulizaliwa kwa njia nyingine, yaani mgongano mkubwa wa zamani kati ya Dunia changa na gimba jingine.

La tatu ni saa ya matukio. Mwaka 1676 Ole Rømer wa Denmark, akifanya kazi mjini Paris, alieleza kwamba kupatwa kwa Io hutokea mapema kuliko ilivyopigiwa hesabu pale Dunia inapoikaribia Mshtarii, na huchelewa pale Dunia inapojitenga nayo. Kutokana na dakika hizo alihitimisha kwamba nuru nayo huchukua muda kusafiri. Tukio la angani linalotokea kabla au baada ya saa yake hubeba habari ya jambo lisiloonekana. Kanuni hiyo ndiyo iliyokuja kuwa silaha kuu ya wasaka miezi karne tatu baadaye.

Sayari za nyota nyingine

Kabla ya kutafuta miezi ilibidi kwanza zipatikane sayari. Mwaka 1992 Aleksander Wolszczan na Dale Frail, kwa kutumia darubini ya redio ya Arecibo huko Puerto Rico, walitangaza sayari zinazozunguka pulsa iitwayo PSR B1257+12, yaani mabaki ya nyota iliyolipuka. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva wakatangaza 51 Pegasi b, sayari ya kwanza kupatikana ikizunguka nyota inayofanana na Jua. Ugunduzi huo uliwapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2019.

Sayari nyingi za mwanzo zilikuwa majitu ya gesi kama Mshtarii, na baadhi yake zilikaa kwenye umbali ambao maji yangeweza kudumu bila kuganda wala kuchemka. Jitu la gesi halina ardhi, hivyo halifai kwa viumbe kama tunavyowajua. Lakini mwezi wake ungeweza kufaa. Mwaka 1997 Darren Williams, James Kasting na Richard Wade wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania waliandika katika jarida la Nature kwamba mwezi wa namna hiyo ungeweza kushika angahewa kwa muda mrefu, mradi masi yake izidi kama asilimia 12 ya masi ya Dunia na uwe na ugasumaku wa kuukinga. Tangu makala hiyo, miezi ya nje imehesabiwa miongoni mwa mahali pa kutafuta uhai.

Hatua ya mwisho ya maandalizi ilifika mwaka 1999. Timu mbili za Marekani ziliona nyota HD 209458 ikififia kidogo kila sayari yake ilipokatiza mbele yake. Ulikuwa mpito wa kwanza kuonekana wa sayari ya nje. Kuanzia hapo sayari isiyoonekana ingeweza kupimwa kwa kivuli chake, na palipo na kivuli cha sayari pangeweza kuwapo na kivuli kidogo cha mwezi.

Hesabu za mwezi usioonekana

Mwaka huohuo wa 1999 Paola Sartoretti na Jean Schneider wa Kituo cha Uangalizi cha Paris walichapisha makala iliyouweka msako kwenye msingi wa hesabu. Walitaja njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuutafuta mpito wa mwezi wenyewe. Sayari inapoifunika nyota, mwanga hupungua kwa kiasi kinacholingana na eneo la duara la sayari likilinganishwa na duara la nyota. Mtazamaji wa mbali akiliangalia Jua, Mshtarii ingempunguzia mwanga kwa asilimia moja hivi. Dunia ingeupunguza kwa sehemu 84 tu katika milioni. Ganymede ingeupunguza kwa sehemu 14 katika milioni, na Mwezi wetu kwa sehemu 6. Nyota yenyewe haitulii: madoa yake na mchemko wa uso wake huufanya mwanga upande na kushuka, mara nyingi kwa kiasi kinachozidi viwango hivyo.

Njia ya pili haihitaji kuuona mwezi kabisa. Mwezi hauizunguki sayari iliyotulia. Vyote viwili huzunguka kitovu kimoja cha masi. Mtu mzima anayemzungusha mtoto aliyemshika mikono hulazimika kuegemea nyuma na kuyumba kidogo, na anayetazama kwa mbali akimwona mtu mzima pekee angetambua kwa kuyumba kule kwamba kuna kitu ameshika. Sayari yenye mwezi huyumba vivyo hivyo. Kwa hiyo mara nyingine huingia mbele ya nyota mapema kidogo, mara nyingine huchelewa.

Kiasi cha kuyumba huko kinaweza kupigwa hesabu kwa Dunia yenyewe. Kitovu cha masi cha Dunia na Mwezi kiko kilomita 4,670 hivi kutoka katikati ya Dunia. Dunia nayo hulizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde. Ukigawanya namba ya kwanza kwa ya pili unapata sekunde 156. Maana yake ni kwamba mtazamaji wa nyota ya mbali angeona mpito wa Dunia ukiwahi au ukichelewa kwa dakika mbili na nusu hivi. Mshtarii ni nzito mno kuyumbishwa hivyo: Ganymede huipeleka kando kwa kilomita 80 na kitu, na kwa kasi yake ya kilomita 13 kwa sekunde, tofauti ya saa haizidi sekunde 6 au 7. Hivyo miezi ya sayari nzito ni migumu kunaswa kwa saa, na inayoweza kunaswa ni ile iliyo mikubwa kulingana na sayari yake.

Tofauti ya saa, hata hivyo, ina tatizo. Sayari jirani nayo huvuta, ikaiwahisha au kuichelewesha sayari inayotazamwa. Mwaka 2009 David Kipping, Mwingereza aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu mjini London, alipendekeza kipimo cha pili kiandamane na cha kwanza: urefu wa mpito. Mwezi ukiisukuma sayari upande inakoelekea, sayari hupita haraka zaidi na mpito huwa mfupi. Ukiivuta nyuma, mpito hurefuka. Kuwahi kwa mpito hutegemea mahali sayari ilipo, na urefu wake hutegemea kasi. Kwa mwezi, vitu hivyo viwili hupishana kwa robo ya mzunguko: kimoja kinapofika kilele, kingine huwa sifuri. Ni alama ambayo sayari jirani haiwezi kuiiga kwa urahisi, na vipimo vyote viwili vikipatikana huwezesha kukadiria masi ya mwezi na umbali wake kutoka kwa sayari.

Wakati huohuo hesabu nyingine zilionyesha mahali ambapo miezi haitegemewi. Mwaka 2002 Jason Barnes na David O'Brien walieleza kwamba sayari kubwa zinazozunguka karibu mno na nyota zao hupoteza miezi mikubwa, kwa sababu mvutano wa nyota na nguvu za kujaa na kupwa huiondoa kwenye njia yake. Sayari hizo ndizo zilizokuwa rahisi kugunduliwa. Sayari zenye nafasi nzuri ya kuwa na miezi ziko mbali na nyota zao, na mpito wake hutokea kwa nadra. Darubini ya angani Hubble ilikuwa imekwisha kuichunguza mipito ya HD 209458 na mwaka 2001 timu ya Timothy Brown ikatangaza kwamba haikuona mwezi wowote wenye ukubwa wa zaidi ya mara 1.2 ya Dunia. Kilichohitajika sasa ni chombo cha kukodolea macho nyota nyingi kwa miaka mfululizo.

Kepler na mradi wa HEK

Chombo hicho kilirushwa kutoka Cape Canaveral mwezi Machi 2009. Darubini ya angani Kepler ilielekezwa sehemu moja ya anga, kwenye makundi ya Cygnus na Lyra, ikawa inapima mwanga wa nyota zaidi ya 150,000 kila baada ya nusu saa. Iliendelea hivyo kwa miaka minne, hadi Mei 2013 ilipoharibika gurudumu la pili kati ya yale yaliyokuwa yakiituliza. Ikapewa kazi nyingine, na mwaka 2018 ikazimwa baada ya mafuta kwisha.

Kipping, ambaye sasa alikuwa katika kituo cha astrofizikia cha Harvard na Smithsonian, aliongoza timu iliyoanzisha mwaka 2012 mradi uitwao HEK, yaani Msako wa Miezi ya Nje kwa Kepler. Utaratibu wake ulikuwa mzito. Kwa kila sayari kompyuta ilijaribu maelezo mengi: sayari peke yake, sayari na mwezi, mwezi usio na masi, mwezi usio na kipenyo. Mawili ya mwisho hayawezi kuwapo katika maumbile. Yaliwekwa kama mtego: kama data ilipendelea mwezi usio na masi au usio na kipenyo, watafiti walijua kwamba kinachoonekana ni kelele ya nyota au ya chombo.

Mtego wa namna hiyo ulihitajika. Sayari Kepler-90g ilionyesha dalili nzuri ya mwezi, lakini mwaka 2015 timu hiyohiyo ilipochunguza pikseli za picha moja moja, iligundua kwamba ule mfifio ulitoka kwenye kasoro ya kamera. Waliutangaza kuwa dalili ya uongo. Sayari baada ya sayari zilichunguzwa bila mwezi kupatikana, na kila jibu la hapana lilichapishwa pamoja na kipimo cha mwezi mkubwa kiasi gani ungeweza kuwa umejificha.

Kepler-1625b

Mwaka 2017 Alex Teachey, mwanafunzi wa Kipping katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliongoza uchambuzi wa sayari 284 za Kepler kwa pamoja. Jibu la jumla lilikuwa kwamba familia za miezi mikubwa kama ile ya Mshtarii ni adimu kwenye sayari zilizo karibu na nyota zao. Lakini sayari moja ilijitenga na nyingine. Kepler-1625b, iliyo umbali wa kama miakanuru 8,000, ina ukubwa wa Mshtarii na huizunguka nyota yake kwa siku 287. Kepler iliunasa mpito wake mara tatu, na katika mipito hiyo mwanga ulionyesha mabadiliko madogo kabla au baada ya sayari kupita.

Timu iliomba saa 40 za Hubble, ikapewa. Tarehe 28 na 29 Oktoba 2017 Hubble iliitazama nyota hiyo kabla, wakati na baada ya mpito, ambao peke yake huchukua kama saa 19. Mambo mawili yalijitokeza. Mpito ulianza dakika 78 hivi kabla ya saa iliyotarajiwa, tofauti kubwa mno kwa sayari ambayo haina jirani anayejulikana. Kisha, saa tatu na nusu baada ya sayari kumaliza kupita, mwanga ukashuka tena kidogo. Kabla mshuko huo haujamalizika, muda wa Hubble ukawa umekwisha.

Matokeo yalichapishwa Oktoba 2018 katika jarida la Science Advances. Maelezo yaliyolingana zaidi na data yalikuwa mwezi wenye ukubwa wa Neptuni ukiizunguka sayari yenye masi inayoizidi Mshtarii mara kadhaa. Waandishi walitumia lugha ya tahadhari: walisema wamepata ushahidi, hawakusema wamegundua, wakaomba sayari itazamwe tena. Mwezi mkubwa hivyo haukuwahi kufikiriwa na nadharia za kuzaliwa kwa miezi, na uwiano wake na sayari ungekuwa zaidi ya asilimia moja, mbali sana na ule wa sehemu moja kwa 10,000.

Ugumu ulikuwa katika usafishaji wa data. Hubble huizunguka Dunia kwa dakika kama 95, na katika sehemu ya kila mzunguko Dunia huifunika nyota. Kila darubini inapoirudia nyota, kamera yake huonyesha mwanga ukipanda kwa mkunjo unaotoka ndani ya chombo, na kwa saa 40 mwanga hutelemka polepole pia kwa sababu za chombo. Ni lazima mkunjo na mtelemko huo viondolewe kwa hesabu, na hesabu iliyochaguliwa inaweza kuufuta mshuko mdogo au kuuumba.

Mwaka 2019 Laura Kreidberg na wenzake walisafisha data ileile kwa njia yao, wakapata mpito wa sayari pekee. Mshuko wa mwezi haukuonekana. René Heller wa Ujerumani na wenzake waliuona mshuko, lakini wakaonyesha kwamba kuwahi kwa sayari kungeweza kusababishwa na sayari nyingine isiyoonekana iliyo karibu na nyota. Timu ya Teachey ilirudia uchambuzi, ikalinganisha njia zote, ikachapisha mwaka 2020 kwamba hoja ya mwezi bado ipo lakini haijakamilika. Tofauti ya saa ilikubaliwa na pande zote. Kilichobaki kubishaniwa ni sababu yake.

Mwaka huohuo wa 2020 Chris Fox na Paul Wiegert wa Canada walitaja sayari sita za Kepler ambazo tofauti zake za saa zingeweza kuelezwa kwa miezi. Kipping alizichunguza upya akaona ushahidi hautoshi. Somo lilikuwa lilelile: saa peke yake haithibitishi mwezi.

Kepler-1708b na mabishano ya 2023

Januari 2022 Kipping na wenzake walichapisha katika Nature Astronomy uchambuzi wa sayari 70 za baridi, zilizo mbali na nyota zao, mahali ambapo nadharia inaruhusu miezi kudumu. Kati yake moja ilibaki baada ya vichujio vyote. Kepler-1708b ina ukubwa wa Mshtarii, huizunguka nyota inayofanana na Jua kwa siku 737, na iko umbali wa miakanuru 5,500 hivi. Mwezi uliodhaniwa ulikuwa na ukubwa wa mara 2.6 ya Dunia. Watafiti walikadiria kwamba uwezekano wa dalili hiyo kuzaliwa na kelele ni kama asilimia moja. Lakini Kepler ilikuwa imeuona mpito huo mara mbili tu.

Desemba 2023 Heller na Michael Hippke walichapisha katika jarida lilelile hitimisho kwamba miezi mikubwa haielekei kuwapo kwa Kepler-1625b wala kwa Kepler-1708b. Walitumia programu ya kompyuta waliyoiita Pandora, iliyotengenezwa kwa kazi hii, wakaonyesha kwamba sayari bila mwezi huielezea data ya Kepler-1708b vizuri sawa na sayari yenye mwezi. Kwa Kepler-1625b walitaja jambo jingine: nyota huonekana hafifu kwenye kingo kuliko katikati, na kiwango cha uhafifu huo hutofautiana kwa rangi ya mwanga. Kepler na Hubble hupima rangi tofauti, kwa hiyo kulinganisha mipito yao bila kulizingatia hilo kunaweza kuzaa mwezi usiokuwapo. Kipping na wenzake walijibu mwaka uliofuata kwamba uchambuzi huo haukuichunguza data kwa ukamilifu na kwamba mwezi wa Kepler-1708b bado unawezekana. Pande zote mbili zinatumia data ileile, na data mpya ndiyo pekee itakayoamua.

Njia nyingine za kutafuta

Wakati mabishano ya mipito yakiendelea, watafiti wengine walifuata njia tofauti. Moja ni lenzi ya mvutano: gimba likipita mbele ya nyota ya mbali, mvutano wake hukusanya mwanga na kuikuza nyota hiyo kwa muda mfupi. Tukio MOA-2011-BLG-262, lililonaswa kutoka New Zealand, liliripotiwa mwaka 2014 na timu ya David Bennett likiwa na maelezo mawili: sayari jitu isiyo na nyota yenye mwezi mdogo kuliko Dunia, au nyota ndogo yenye sayari. Tukio la namna hiyo halirudii. Ilibidi kusubiri magimba yasogee, na uchunguzi wa darubini ya Keck uliotangazwa 2025 ulielekea kwenye nyota na sayari.

Njia nyingine ni pete. Mwaka 2007 nyota J1407 ilififia na kung'aa kwa namna ya ajabu kwa takriban siku 56. Eric Mamajek na wenzake walieleza mwaka 2012 kwamba huenda gimba lenye mfumo mkubwa wa pete lilipita mbele yake. Mwaka 2015 Mamajek na Matthew Kenworthy walionyesha pengo katika pete hizo ambalo mwezi ungeweza kuwa umelifagia, kama miezi midogo inavyofagia mapengo ya pete za Zohali. Mfifio huo haujaonekana tena.

Njia ya tatu hutafuta moshi badala ya gimba. Io ina volkano nyingi kuliko gimba lolote la mfumo wa Jua, na tangu miaka ya 1970 inajulikana kuzungukwa na wingu la sodiamu. Apurva Oza na wenzake walipendekeza kwamba sodiamu inayoonekana kwenye sayari WASP-49b, umbali wa miakanuru 635, hutoka kwa mwezi wa volkano wa aina hiyo. Sayari na nyota yake zimeundwa kwa hidrojeni na heli kwa sehemu kubwa, na sodiamu yao haitoshi kulieleza wingu. Mwaka 2024 vipimo vya darubini kubwa ya Ulaya huko Paranal, Chile, vilionyesha kwamba wingu hilo halisogei kwa kasi ileile ya sayari. Mwezi wenyewe haujaonekana.

Njia ya nne ni kuangalia mahali miezi inakozaliwa. Mwaka 2021 Myriam Benisty na wenzake, kwa kutumia darubini ya ALMA iliyo kwenye jangwa la Atacama, Chile, walitangaza diski ya vumbi inayoizunguka sayari changa PDS 70c, umbali wa karibu miakanuru 400. Kipenyo cha diski hiyo kinakaribia umbali wa Dunia na Jua, na vumbi lake linatosha kuunda miezi mitatu yenye ukubwa wa Mwezi wetu. Ni hatua kubwa, kwa sababu diski ambayo Canup na Ward waliipigia hesabu kwenye karatasi sasa imepigwa picha ikiwa kazini.

Vyombo vya sasa na masharti ya uthibitisho

Darubini ya angani James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina kioo cha mita 6.5 na hukaa mbali na Dunia, hivyo haikatizwi kila saa moja na nusu kama Hubble. Oktoba 2024 iliitazama Kepler-167e kwa kama saa 60 mfululizo. Sayari hiyo inafanana na Mshtarii kwa ukubwa, ina ubaridi unaofaa kwa miezi, na huizunguka nyota yake kwa siku 1,071. Nafasi ikikosekana, ijayo husubiriwa karibu miaka mitatu. Ndiyo maana data ya sayari hizi hukua polepole.

Shirika la anga la Ulaya, ESA, linaandaa chombo cha PLATO chenye kamera 26, kilichopangwa kurushwa kati ya mwisho wa 2026 na mwanzo wa 2027. Kitazitazama nyota zilizo karibu na zenye mwanga mkali kuliko zile za Kepler, na nyota angavu hutoa vipimo vyenye kelele ndogo. Huko Chile inajengwa darubini nyingine ya Ulaya, kubwa zaidi, yenye kioo cha mita 39, ambayo itaweza kuzitenga sayari kubwa na mwanga wa nyota zao na kupima kama zinayumba.

Madai yaliyokwisha kutolewa yameonyesha masharti ambayo mwezi wa kwanza utalazimika kuyatimiza. Mshuko wa mwanga uonekane katika mipito kadhaa, na kila mara mahali ambapo njia ya mwezi inautabiri. Kuwahi na kuchelewa kwa sayari kulingane na urefu wa mpito kwa namna ambayo mwezi mmoja unaieleza. Timu zisizohusiana, kila moja kwa njia yake ya kusafisha data, zifikie jibu moja, na ikiwezekana vyombo viwili tofauti viuone. Kepler-1625b ilitimiza sehemu ya masharti hayo, Kepler-1708b sehemu nyingine, na hakuna iliyoyatimiza yote. Sayari zenye mzunguko mrefu zinazoweza kutimiza yote zinajulikana kwa majina, saa za mipito yake ijayo zimekwisha pigwa hesabu, na darubini zenye uwezo wa kuzipima ama zinafanya kazi au zinajengwa.